Namna ya Kuijua Ilala kwa Miguu: Kutoka Mnazi Mmoja hadi Pugu

Mgeni anayetaka kuijua Wilaya ya Ilala kwa kawaida huanzia Kariakoo, kwa sababu ndilo jina analolisikia kila siku, au huanzia Makumbusho ya Taifa, kwa sababu ndiko walimu wanakowapeleka wanafunzi wao. Hakuna ubaya katika njia hizo, lakini zote mbili humfanya apitwe na jambo ambalo ndilo msingi wa mengine yote, nalo ni kwamba mji huu ulipangwa kwa kuwatenga watu, na mistari iliyowatenga bado iko ardhini, inapitiwa na daladala kila siku. Kwa hiyo mwongozo huu unakushauri uanzie kwenye mstari wenyewe, yaani Mnazi Mmoja, kisha uende pande zake zote mbili.

Kabla ya kutoka nyumbani, jiwekee sawa suala la majina, maana yanachanganya hata wenyeji. Ilala ni mojawapo ya wilaya tano za Mkoa wa Dar es Salaam, na sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 1.6. Wilaya hiyo inaanzia baharini Kivukoni, inapita Upanga, Kariakoo, Buguruni, Tabata na Ukonga, na kuishia huko Pugu na Chanika ambako bado kuna mashamba. Mwezi wa Februari mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Ndiyo maana kibao kinachosomeka Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kinahusu Ilala, wala hakihusu Kinondoni au Temeke. Vilevile mzee wa mjini akikuambia kwamba alizaliwa Ilala, mara nyingi hana wilaya akilini mwake, bali anakusudia mtaa ule wa Ilala ulio karibu na Hospitali ya Amana. Muulize kwanza kabla hujaandika.

Tenga angalau siku mbili zisizofuatana. Siku ya kwanza iwe Jumapili asubuhi, wakati sehemu ya katikati ya mji imetulia na unaweza kusimama barabarani ukatazama juu bila kugongwa na bodaboda. Siku ya pili iwe siku ya kazi, kwa sababu Kariakoo isiyo na wateja haikufundishi chochote. Usafiri usikusumbue: mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana vituo Kivukoni na Gerezani, na kutoka kimojawapo cha vituo hivyo unaweza kufanya mizunguko yote miwili ya mjini kwa miguu. Chukua ramani yoyote ya mji, hata ya kuchapishwa kutoka kwenye simu, pamoja na kalamu.

Katika ramani hiyo, gawanya eneo lililo kati ya bahari na Bonde la Msimbazi katika sehemu tatu. Mashariki, kuizunguka Ikulu na Mtaa wa Samora, andika Uzunguni. Katikati, kutoka Mtaa wa Mosque hadi Kisutu, andika Uhindini. Magharibi mwa Mnazi Mmoja andika Uswahilini. Wajerumani walianza kutunga kanuni za ujenzi mwaka 1891, mwaka uleule walioifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo, na Waingereza wakazikamilisha kwa mpango wa kanda tatu wa mwaka 1924. Jambo la kuangalia ni ujanja wa kanuni zenyewe. Hazikutaja rangi ya mtu waziwazi. Zilitaja aina ya jengo linaloruhusiwa katika kila kanda, la mawe na bati au la miti na makuti, huku kila mtu akijua ni nani mwenye uwezo wa kujenga lipi. Mtu akikuambia kwamba mgawanyo huo ulitokea wenyewe kwa kuwa watu hupenda kuishi na wenzao, mwonyeshe ramani hiyo.

Sasa simama Mnazi Mmoja, Barabara ya Bibi Titi Mohamed ikiwa upande wako wa mashariki na Barabara ya Lumumba upande wa magharibi. Ukanda huu wa wazi uliachwa makusudi ili kuitenga Uswahilini na sehemu nyingine za mji, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya: kwamba hewa na nafasi zingezuia maradhi yasivuke. Maradhi huenda yalizuiwa au hayakuzuiwa, lakini watu hawakuzuilika, kwani uwanja uliowekwa kuwatenga ndio walioufanya mahali pa kukutania. Pembeni mwake kulijengwa ukumbi wa Arnautoglu, ambao wenyeji wanauita Anatoglo, kwa fedha za mlowezi wa Kigiriki mwenye mashamba ya mkonge, na ni humo ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA (Tanganyika African Association) mwaka 1953. Hatua chache kutoka hapo, katika barabara iliyokuwa ikiitwa New Street na ambayo leo ni Lumumba, chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mnara wa Mwenge wa Uhuru uko hapohapo. Na mwezi wa Mei mwaka 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka wakilalamikia kodi, Waziri Mkuu alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, wala hawakuitwa ofisini kwake.

Ukitoka hapo, elekea baharini. Sehemu hii ya Uzunguni imeandikwa sana, kwa hiyo haitakuchukua muda mrefu, isipokuwa majengo mawili ya Sokoine Drive ambayo wengi huyapita bila kuyatazama. La kwanza ni Boma la Kale, lililo kwenye kona ya Barabara ya Morogoro, lenye kuta nene za matumbawe na mlango wa Kizanzibari. Lilijengwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyetaka kuanzisha bandari mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na mrithi wake Barghash akauacha mradi huo ukawa magofu na minazi. La pili ni Atiman House, la zama hizohizo, linalobeba jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomea utabibu na kuwatibu watu wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi. Majengo haya mawili yanakukumbusha kwamba mji ulianza kabla ya Wajerumani, jambo ambalo kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Joseph, yote mawili yaliyomalizika mwaka 1902, yanaweza kukusahaulisha kwa ukubwa wake.

Katika Mtaa wa Samora utakuta Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali ambapo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Soma maandishi yake ya Kiswahili kwa makini, kisha ujiulize kuhusu wapagazi, ambao walikufa wengi kuliko askari na ambao sanamu yao haipo. Jibu lake utalikuta siku ya pili. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yako karibu na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani. Ukiwa na watoto, wapeleke wakaone habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Malizia Feri, kwenye soko la samaki, ukapate kifungua kinywa. Onyo moja: usipige picha kuelekea Ikulu wala majengo ya ulinzi yaliyo karibu nayo, hata kama unachotaka ni picha ya mbuyu.

Ukirudi kupitia Uhindini, kanuni ni moja tu, nayo ni kutazama juu. Chini ni maduka ya simu na vipuri yanayofanana kote duniani, lakini ghorofani utaona vibaraza vya nakshi, madirisha ya matao na, mara kwa mara, mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba vikiwa vimechongwa kwenye paji la jengo. Jamatkhana ya Waismailia, yenye mnara wa saa, ni ya mwaka 1930, na mahekalu ya Wahindu ya Kisutu yako hatua chache kutoka hapo. Wenye maduka waliishi juu ya maduka yao. Mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kwa kuwa nyingi zilikuwa za Wahindi, familia kadha wa kadha zilihamia Uingereza na Kanada, na nyumba zikaangukia mikononi mwa serikali, nyingi chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Usimwulize mtu wa Kisutu habari hizo kama unayemhoji. Nunua kwanza kitu dukani kwake, mwachie nafasi, na ukiona anapenda kuzungumza muulize nyumba ilijengwa na nani. Fanya ziara hii mapema uwezavyo, maana nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine ili kupisha minara ya vioo.

Siku ya pili ni ya Kariakoo, na hapa usiwe na haraka. Ardhi yake ilikuwa shamba la minazi, ambalo serikali ya Kijerumani ililichukua ikikusudia kujenga makazi ya Waafrika, lakini vita vikaingia kabla mpango haujatekelezwa. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na jina hilo likazungushwa na ndimi za Kiswahili mpaka likawa hili tunalolijua. Hao ndio wale wapagazi wasio na sanamu mjini. Ukumbusho wao umo katika mitaa: tembea uandike majina ya Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, kisha uyatafute katika historia ya vita, nawe utayakuta ni majina ya mapambano yaliyopiganwa mwaka 1917 katika nchi ya Kilwa na Lindi, ambako wapagazi walibeba risasi na unga kwa vichwa vyao na kufa kwa kuhara na njaa. Kwa maoni yangu hakuna makumbusho Dar es Salaam yanayosema mengi zaidi ya vibao hivyo vya mitaa, ingawa hakuna anayevisoma kwa nia hiyo. Mengine ni ya watu waliokuja kuishi hapo: Swahili, Nyamwezi, Sukuma, Congo, Somali.

Baada ya majina, tafuta nyumba. Zimebaki chache, lakini katika kona za nyuma bado utaiona nyumba ya Kiswahili: mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na mbele baraza la kukalia. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja na kupangisha vingine, na mara nyingi mpangaji wa chumba cha pili alikuwa mtu wa kabila lingine na pengine wa dini nyingine, wakitumia jiko na kisima kimoja. Ukiuelewa mpango wa nyumba hiyo utaelewa jinsi Kiswahili cha mjini kilivyokua na jinsi siasa za uhuru zilivyoenea kwa kasi, kwani taarifa iliyofika ukumbini jioni ilikuwa imefika vyumba sita kabla ya isha. Leo nafasi ya nyumba hizo imechukuliwa na maghorofa ya maduka, mengine yakiwa yamejengwa kwa pupa. Tarehe 16 Novemba 2024 mojawapo liliporomoka likiwa na watu ndani, na likaua.

Soko lenyewe lilifunguliwa katika miaka ya 1920 ndani ya jengo lililoachwa na Wajerumani. Jengo la sasa, lenye paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wazalendo nchini, na lilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Simama upande wa pili wa barabara uitazame miavuli hiyo vizuri, maana mnunuzi aliye ndani ya soko hana nafasi ya kuinua kichwa. Mbele yako utawaona wafanyabiashara kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro wakifunga marobota. Biashara hii ya kuvuka mipaka ilishika kasi baada ya serikali kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa katikati ya miaka ya 1980, na ndiyo iliyoyapandisha maghorofa.

Kwa habari za watu, nenda kijiweni. Tafuta mahali muuza kahawa anapoweka dele lake jioni, keti, agiza kahawa na kashata, na usitoe daftari. Mzee akifika, mpe shikamoo, subiri marahaba, uulize hali za nyumbani, kisha jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na umetokea wapi. Asiyejitambulisha hajibiwi, au hujibiwa uongo kwa adabu. Usianze kwa kumwuliza kabila lake. Muulize timu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na makao yake yako Mtaa wa Twiga na Jangwani. Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikaitwa Sunderland kwa miaka mingi, ikachukua jina la Simba mwaka 1971, na jengo lake liko Mtaa wa Msimbazi. Klabu zote mbili ni za wilaya hii, zinatenganishwa na mwendo wa dakika chache, na mashabiki wake wanaitana watani wa jadi, kwa mfano wa utani wa Wazaramo na Wanyamwezi uliotokana na misafara ya biashara, ambao mpaka leo humruhusu mtani kufanya mzaha msibani bila mtu kukasirika. Kutoka timu mazungumzo yataingia yenyewe kwenye bendi, Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 na vikundi vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan, kisha kwenye ngoma za akina mama, na hapo ndipo utakapofika kwenye siasa.

Njia hiyo ndefu ina sababu yake. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa mwanasiasa, na alipopewa kazi ya kuongoza umoja wa wanawake wa TANU mwaka 1955 aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, akawaomba wawalete watu wao. Katika muda mfupi chama kilikuwa na maelfu ya wanawake wenye kadi. Ukitaka kuijua habari ya uhuru katika mtaa huu, usiulize tu nani alihutubia, uliza nani alicheza ngoma na nani. Uliza pia kuhusu ukoo wa Sykes: Kleist, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama kilichokuja kuwa TAA, mwaka 1929, alikuwa mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji, na mwanawe Abdulwahid ndiye aliyekuwa akiiongoza TAA kabla ya Nyerere. Vitabu vya shule huanza na Nyerere, mwalimu wa Pugu, wazee wa Kariakoo huanza na majina ya baba zao. Wewe andika yote mawili kama yalivyosemwa, weka tarehe ya mazungumzo na mtaa wa msemaji, na usiwapatanishe pale kijiweni.

Kazi ya kulinganisha ifanyie Upanga, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako huna budi kuomba kibali cha utafiti mapema na kwenda na barua ya utambulisho. Maktaba Kuu, iliyofunguliwa mwaka 1967 katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inafaa kwa anayeanza. Omba magazeti ya zamani: Mambo Leo, lililotolewa na serikali kuanzia mwaka 1923, na Kwetu, lililoanzishwa mwaka 1937 na Erica Fiah, Muganda aliyekuwa na duka mjini na ulimi mkali dhidi ya serikali ya kikoloni. Ukiyasoma pamoja utaona mji uleule ukielezwa na watu wawili wasioelewana. Kumbukumbu za wazee zina nguvu katika majina na undugu, lakini hulegea katika miaka, wakati magazeti yana miaka sahihi na majina yaliyopotoshwa. Tumia kila upande kwa kile ambacho upande huo unakijua.

Ukibakiwa na siku ya tatu, ipeleke mbali na katikati ya mji, kwa sababu wakazi wengi wa Ilala hawaishi Kariakoo wala Upanga. Pita Karume na Mchikichini kwenye mitumba, uone Ilala ya zamani na nyumba zake za mpango wa Waingereza, uvuke Buguruni na Vingunguti ambako mji uliota bila mpangaji, kisha uendelee na Barabara ya Nyerere kupita uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto na Pugu. Huku ndiko kwenye Wazaramo ambao bado wanamcheza mwali na kupiga ngoma ya mdundiko barabarani siku za harusi. Ukikutana na mdundiko, pisha njia, au ingia nyuma yake ucheze, lakini usisimame katikati ukipiga picha. Shule ya Pugu, iliyokuwa St. Francis, ndiko Nyerere alikofundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955, na ukitaka kuingia pita kwanza kwa mkuu wa shule, ueleze nia yako, usaini kitabu cha wageni. Ondoka Pugu kabla ya saa kumi na moja jioni, maana baada ya hapo foleni ya kurudi mjini hukutana na ya wanaotoka kazini, na safari ya saa moja inaweza kuwa ya saa tatu.